Mama Jenifa na Breki za Pikapu

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, wakwe zetu, majirani wa Ihanja na ninyi ndugu mliotoka Kinyangiri tangu alfajiri, naomba mnivumilie, kwa sababu familia imenipa mimi Chediel, mdogo wake marehemu anayemfuata kwa kuzaliwa, kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, na sauti yangu leo haina nguvu sana.

Marehemu Eliana Simeoni, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Jenifa, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1949 katika kijiji cha Kinyangiri, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa pili wa mzee Simeoni na mama Elizabeti, wakulima na wafugaji ambao wote wawili wametutangulia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi, hata mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyu akifunga zizi la ng'ombe hurudi kulitikisa lango, halafu akifika jikoni huuliza tena kama limefungwa.

Alianza shule hapo hapo Kinyangiri mwaka 1958, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane mwaka 1965, na mwaka 1967 akaajiriwa mjini Singida katika karakana ya shirika moja la umma la usafirishaji, akiwa karani wa stoo ya spea. Huko ndiko alikokutana na dereva wa malori, ndugu Alphonce Mughwai, mwenyeji wa hapa Ihanja, wakafunga ndoa takatifu tarehe 5 Septemba 1970, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jenifa aliyezaliwa mwaka 1972 na Peniel aliyezaliwa mwaka 1975.

Shemeji Alphonce, ambaye mnamwona amekaa pale karibu na jeneza, amesema yasomwe yote, kwa hiyo nasoma. Mwezi Juni 1983, nyakati ambazo kila kitu kilikuwa cha kutafuta, rafu za stoo ya dada zilikuwa tupu, mafuta ya breki hayakupatikana mjini wala kwingineko, na madereva wakawa wanatia maji ya sabuni mahali pa mafuta, kwa sababu gari lilisimama vizuri tu kwenye tambarare. Lakini kwenye mteremko mrefu breki hupata moto, maji yale huchemka, na dereva hukanyaga pasipo kitu. Shemeji alikuwa anashuka mlima Sekenke kuelekea Igunga na mzigo wa saruji, breki zikamwishia katikati ya mlima, lori likapinduka, na tingo aliyekuwa akimsaidia garini, marehemu Urbano, akafariki pale pale, na yeye mwenyewe akakatwa mguu wa kulia juu ya goti. Dada alipofika hospitali, mumewe alimwambia maneno ambayo hakuyasahau mpaka mwisho: "Eliana, nilikanyaga, nikakanyaga tena, chini hakuna kitu."

Mwaka 1991 shirika lile lilifungwa, wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao, na dada na shemeji wakaja hapa Ihanja kulima alizeti na vitunguu. Hizo ndizo nyakati biashara zilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kuja mpaka vijijini, wakawa wanachukua mazao kwa bei wanayotaka wao kwa sababu mkulima hakuwa na usafiri, na dada alipoona hivyo akatamka jambo ambalo hakuna aliyetegemea kulisikia kutoka kwake, kwamba anataka kununua gari.

Shemeji alikasirika sana. "Unataka kuniletea kitu kile hapa nyumbani?" alimwuliza mbele yetu. "Hujanitazama ninavyotembea?"

"Nakutazama kila siku, Baba Jenifa," dada alimjibu. "Litakuja, lakini halitatoka hapa uani kabla sijalikanyaga breki mimi mwenyewe."

Pikapu ile, iliyokuwa imekwisha kutumika nje ya nchi, ilifika hapa mwezi Novemba 1994, akaajiriwa ndugu Paschal kuwa dereva, na dada, ambaye hakuwahi kujifunza kuendesha, akashika neno lake kila asubuhi. Paschal alifungua boneti wakatazama wote maji ya rejeta na oili, wakapapasa mkanda wa feni kama umechanika, wakazunguka tairi moja moja wakikaza nati, wakahakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki ipo, kisha dada akapanda kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedeli ya breki kwa nguvu zake zote, akaishikilia hivyo kwa muda huku midomo yake ikitembea, na sijui kama alikuwa anahesabu au anasali. Abiria waliokuwa wanawahi mnada walinung'unika. "Mama Jenifa, kwa mtindo huu tutafika saa ngapi?" wakamwuliza, naye akawajibu, "Mtafika," basi, halafu akaanza kuteremsha magunia yaliyozidi, na wengi wenu hapa mlishuka pamoja na magunia hayo mkiwa mmekasirika.

Wasiwasi wake haukupungua maduka ya spea yalipojaa mjini, bali uliongezeka, kwa kuwa zamani aliogopa vitu visivyokuwepo, na sasa aliogopa vitu vilivyopo ambavyo hakuna ajuaye vimetoka wapi. Alikataa mafuta ya breki ya kopo lililokwisha kufunguliwa, alinusa, alikwaruza maandishi kwa kucha, akarudisha, akaenda duka lingine. Gari likichelewa kurudi alisimama barabarani na kanga yake kichwani, na hakuna aliyeweza kumrudisha ndani mpaka asikie mlio wake.

Sasa nafika siku ya tarehe 17 Machi 1998, mwaka ule wa mvua kubwa zilizokata barabara. Nilikuwa nimekuja kuwasalimu. Jenifa alikuwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, na asubuhi hiyo nesi wa zahanati, tuliyemwita nyumbani, alitoka nje akasema kwamba mtoto amelala vibaya, mama apelekwe hospitali ya misheni bila kupoteza muda. Tukatandika godoro nyuma ya pikapu, tukamlaza Jenifa, nesi akakaa kichwani pake, mimi nikashika turubai kwa ajili ya mvua, na Paschal akawasha gari.

Dada akamwambia ashuke kwanza. Akapanda, akakanyaga pedeli, na pedeli ikashuka, polepole, bila kelele, mpaka ikagusa chini. Akaiachia, akakanyaga tena, ikashuka tena. Alipogeuka nilimwona uso wake kupitia kioo cha nyuma, na sijawahi kuona mtu aliyeogopa namna ile.

"Zima gari, Paschal," alisema, kisha akauchukua ufunguo.

Tulipoinama tukaona tairi la nyuma la kushoto limelowa mafuta kwa ndani, kwa sababu mipira ya breki iliyofungwa wiki iliyotangulia, iliyouzwa kwa jina zuri na boksi zuri, ilikuwa bandia, ikavimba na kupasuka. Paschal akasema tambarare ni ndefu, ataendesha taratibu, handibreki ipo. Nesi akasema hawezi kuahidi chochote tukikaa. Na Laurian, mume wa Jenifa, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kulisema hili, alimsogelea mkwewe karibu kuliko inavyoruhusiwa, akapaza sauti, "Mama, unapenda gari kuliko mwanao?"

Lakini dada hakuutoa ufunguo mkononi. "Laurian, baba, nisamehe," alisema. "Sitamtoa mwanangu hapa kwenda kumwua njiani."

Gari jingine halikuwepo, kwa kuwa matope yalikuwa yamezuia malori yote. Ndipo shemeji Alphonce, ambaye kwa zaidi ya miaka mitatu hakuwahi hata kuligusa gari lile, alikuja na magongo yake kwenye matope, akaketi chini kando ya tairi, akamwambia Paschal alale chini ya gari, aukunje ule mrija mwembamba unaopeleka mafuta kwenye tairi bovu, augonge kwa nyundo mpaka ujifunge kabisa, ili tairi lile libaki bila breki lakini matatu mengine yazipate. Wakajaza mafuta, wakatoa hewa, dada akikanyaga na kuachia kila alipoambiwa, na wakati wote huo Jenifa alikuwa analia nyuma ya gari, kilio ambacho sisi tuliokuwepo bado tunakisikia. Pedeli ilipokataa kushuka, dada alishuka, akapanda nyuma kwa mwanawe, akasema, "Haya, twende. Gia ya pili, Paschal, usizidishe."

Mahali barabara inapoteremka kwenye korongo kubwa la njiani, tulipomaliza kona, tulikuta lori limenasa katikati ya maji na watu wamelizunguka wakisukuma. Paschal alikanyaga breki, pikapu ikaenda upande, ikateleza kwenye tope, na ikasimama, karibu sana na wale watu kiasi kwamba mmoja wao aliweka mkono juu ya boneti. Kisha wanaume wale wakatubeba, ndivyo niwezavyo kusema, wakaisukuma pikapu kando ya lori mpaka ng'ambo.

Jenifa alipasuliwa mara tulipofika, mtoto wa kike akatoka hai, akapewa jina la mama yetu, Elizabeti, lakini kizazi kilikuwa kimechanika na madaktari wakalazimika kukiondoa ili kuokoa maisha ya mama. Dada alimfuata daktari akamwuliza kama tungefika mapema kidogo mambo yangekuwa mengine, na yule daktari, kwa heshima, alimjibu, "Mama, siwezi kujua." Kwa jibu hilo dada aliishi miaka miwili na zaidi, aliendelea na kazi yake ya kila asubuhi, lakini alikonda, na alikuwa akimtazama mjukuu wake akicheza huku machozi yakimtoka, bila kumwambia mtu sababu, ingawa wote tuliijua.

Mwezi Mei 2000 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika kuwa na shinikizo la damu na moyo uliopanuka, akatibiwa akitokea nyumbani, na tarehe 20 Septemba akalazwa hospitali. Jenifa ndiye aliyemwuguza. Jenifa amenituma niyasome maneno haya kama yalivyokuwa, kwamba siku moja mchana, wodi ikiwa kimya, mama yake alimwuliza, "Mwanangu, ule muda niliokuchelewesha pale nyumbani, ndio uliokunyima watoto wengine?"

Jenifa akamjibu, "Sijui, mama. Nilikuwa nimelala kule nyuma nikisikia kila kitu, na nilikuchukia. Mpaka leo naumia nikiona wenzangu wanabeba mimba, sitakudanganya. Lakini pale korongoni niliinua kichwa nikawaona wale watu mbele yetu. Tangu siku ile sijawahi kutamani kwamba ungeliacha gari liondoke bila breki."

Dada alimvuta mkono mwanawe akauweka kifuani pake, akalala. Mpendwa wetu alifariki dunia tarehe 9 Oktoba 2000 saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hadi dakika ya mwisho, majirani wa Ihanja mliolima shamba lake wakati anaumwa, jumuiya ndogo ndogo, wafanyakazi wenzake wa zamani wa karakana waliosafiri kutoka mjini, ndugu wa marehemu Urbano ambao wamekuja na kukaa pamoja na shemeji bila kinyongo, na wale wanaume wa korongoni ambao hatukuwahi kuwajua majina. Tunamshukuru ndugu Paschal, ambaye hata sasa yuko nje na madereva wenzake wakikagua breki za magari, na tunaomba mtakaocheleweshwa kuondoka msiwaharakishe.

Dada Eliana, pumzika kwa amani, kazi ya kuhangaika tuachie sisi.