Fundi Herufi na Mlango Aliouandika Mwenyewe

Wafiwa, majirani, na ninyi mafundi wa karakana mliojipanga kule nyuma karibu na geti, mnaombwa utulivu kidogo, anayewasomea ni dada mkubwa wa marehemu, na karatasi hii ameiandika kwa mkono wake baada ya kuikataa ile iliyoandaliwa na baba mdogo, ambayo ilikuwa fupi, safi, na ilisema tu kwamba marehemu alipata ajali kazini.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Herufi, alizaliwa tarehe 17 Agosti 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba wa mama yetu, mtoto mcheshi na mtundu, aliyeandika kwa mkaa ukutani kabla hajapelekwa shule, akachapwa, akaandika tena palepale, safari hii kwa herufi nzuri zaidi, hata mama akaona haya kuzifuta.

Alianza shule ya msingi Januari 1982 na kumaliza Novemba 1988, hakuendelea mbele kwa sababu baba alikuwa amefariki, na tarehe 3 Aprili 1989 alipokelewa katika karakana ya mabango, ambako alianza kwa kusugua mbao kwa msasa, akapanda hadi kuwa fundi ambaye wenye maduka walikuwa radhi kumsubiri hata akiwa na foleni ya kazi.

Novemba 1998 alipewa kazi ya hospitali, na hapa naomba msikilize vizuri, kwa maana mganga mkuu alitaka kibao kidogo tu juu ya mlango wa pembeni, ule unaotazamana na kituo cha basi, ni marehemu aliyemshawishi liwe bango kubwa, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, KITENGO CHA WAGONJWA WA AKILI, lisomeke na mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kukodoa macho, nalo likasomeka kweli, na kwa miaka mingi hakupita pale bila kumgusa bega mtu aliyefuatana naye na kumwambia kazi ile ni yake.

Tarehe 22 Juni 2001 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, wifi yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 2002 na wa pili mwaka 2006, ambao aliwafundisha kuandika kwa brashi kabla ya kalamu, na nyumba yao ilikuwa ya kelele, vicheko na harufu ya rangi.

Ugonjwa ulianza Septemba 2016, si mwezi huu kama mnavyotaka kuamini, ulianza kwa usingizi kukata, kisha chakula kikawa hakipiti, kisha akawa anasimama mbele ya ubao mweupe tangu asubuhi hadi karakana inafungwa bila kuchovya brashi, akaja kwa dada yake, akakaa jikoni, akasema anaamka amechoka kuliko alivyolala na hajui anachokililia, na dada alipomwambia kwamba daktari wa hali hiyo yupo, na yuko hapohapo mjini, akajibu kuwa yuko tayari kwenda kokote, hata akatwe mguu, ila si kwenye mlango ule, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuandika na anajua unasomeka mpaka wapi.

Basi akapimwa malaria, minyoo, presha na macho, akaingia kila mlango ambao haukuwa ule, huku baba mdogo akitangaza kwenye vikao vya ukoo kwamba damu yetu haina vichaa, kijana ni mvivu tu na anadekezwa na mkewe, naye shemeji, kaka wa mjane, Mei 2019 alifika na gari kumchukua dada yake pamoja na watoto, eti wakae kwao kwanza mpaka ijulikane kama wazimu wenyewe ni wa kupiga au wa kunyamaza, akafukuzwa na dada yake mwenyewe, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

Februari 2022 marehemu alipata akili kuliko sisi sote, akavaa ovaroli, akabeba ngazi, brashi na kopo la rangi, akavuka barabara mchana kweupe, akaingia mlango ule mbele ya kituo kizima cha basi, na kila aliyemwona alidhani fundi yuko kazini, wengine hata wakampungia mkono, kumbe ndani ya kopo hamkuwa na rangi, na muuguzi wa kitengo akawa anaiegemeza ngazi ile ukutani kila alipokuja kutibiwa, ili mgonjwa wake azungumze na daktari kwa utulivu.

Akapona, ndiyo, tumieni neno hilo na ninyi, alilala, alikula, alirudi kumtania mkewe kuhusu mishono iliyopinda, na kufikia Agosti mwaka ule karakana nzima ilikuwa inavuna jasho lake, mpaka tarehe 3 Desemba 2022, wakati wa chai, fundi mwenzake, yule mnayemwita Stensili, alipouliza kwa sauti ni kazi gani hiyo ya miezi kumi ambayo ukuta wa hospitali hauoni rangi, akalinyakua kopo, akalitikisa, akalifungua, na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya kaki vikaangukia mezani, katikati ya vikombe.

Mlicheka, ninyi mafundi, na msiinamishe vichwa sasa, mlicheka hadi wapita njia wakasimama, mkambatiza jina la Kopo Tupu, wateja wakaanza kuuliza kama kichaa ataandika bango lao sawasawa, binti mdogo akaitwa hivyo hivyo shuleni, na marehemu hakurudi kitengoni tena, hata muuguzi alipokuja nyumbani kumfuata hakufunguliwa mlango, kwa kuwa sare yake ilikuwa na jina la kitengo kifuani na majirani walikuwa wametoka vibarazani kutazama.

Usingizi ukakata upya, na tarehe 9 Juni 2023, akiandika bango la duka la vifaa vya ujenzi, alisinzia juu ya jukwaa, akaanguka, akafariki tarehe 11 Juni katika wodi ya majeruhi, ambako mlifika makundi kwa makundi mkiwa na machungwa na pole nyingi, kwa sababu mlango huo haukuwa na aibu.

Familia inawashukuru madaktari wa majeruhi waliopigania roho yake, inamshukuru daktari wa kitengo, na muuguzi aliyeegemeza ngazi, ambaye leo amekuja na sare yake na amekaa peke yake kwenye benchi lile lenye nafasi, inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, vyote hivi mlivileta mara moja bila kuombwa, tungefurahi mngekuwa wepesi hivyo alipokuwa hai, na inawashukuru mafundi kwa kibao cha kaburi, kimeandikwa vizuri na jina lake mmelipatia.

Neno la mwisho ni kwa mmoja wenu, hatajwi, aliyecheka kuliko wote siku ile, na jana akamvuta dada wa marehemu kando, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaomba aazimwe lile kopo na ile ovaroli, kwa wiki chache tu, naye anajibiwa hapa kwamba haviazimwi, tumeviweka ndani ya jeneza, daktari yupo kesho asubuhi kama kawaida, apite mlango ule mikono mitupu, na atakayecheka aje acheke mbele yangu.

Lala, mdogo wangu, usingizi wote sasa ni wako.