Mama Kome na Pete Isiyoingia Maabara

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake na marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, mimi wifi yake, dada wa mume wake, na wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu haujawahi kukosa kazi, basi leo nivumilieni ufanye kazi ya haki.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Kome, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ya mtaa huohuo kuanzia Januari 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1981 akahitimu chuo cha mafundi wa maabara, ambako walimu waliandika kwenye cheti chake kwamba ni mwangalifu kupita kiasi.

Tarehe 1 Septemba 1981 aliajiriwa na maabara ya utafiti wa bahari, ghorofa ya pili, mlango wa kijani, na kazi yake ilikuwa kupokea wanyama walioletwa na meli ya utafiti wakiwa wamegandishwa, kome na minyoo wa kilindini kusikofika jua, penye matundu yanayotoa maji ya moto yaliyojaa shaba, zinki, risasi na zebaki, akiwakata mashavu ya kupumulia, nyama na tumbo, kila kiungo peke yake, ili ipimwe ni madini kiasi gani yamejilimbikiza humo, na mnyama anaishije na sumu ambayo ingemmaliza mwenzake wa pwani. Aliwahi kunieleza, tukimenya viazi jikoni kwake, kwamba kome hawa huikusanya sumu hiyo na kuifunga ndani ya punje ndogondogo mwilini isiwadhuru, nami nikamwuliza kama wanaliwa, akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi bomba, wakajaliwa binti, tarehe 3 Machi 1987, ambaye sasa ni mwalimu wa hesabu, na mwana, tarehe 19 Agosti 1989, aliyemfuata baba yake kwenye mabomba, na nyumba ikawa ya vichekesho, kwa kuwa baba alirudi na vumbi la shaba mikononi, na mama hakumruhusu kugusa koti lake la kazi hata kwa ncha ya kidole.

Hapa karatasi niliyopewa imeruka jambo, lakini mimi sitaliruka. Kuanzia Juni 1991 marehemu hakuonekana tena na pete ya ndoa, aliponiambia ni kwa sababu ya kazi nikamjibu kazi gani hiyo inayokataza ndoa, na tarehe 8 Oktoba 1994, kwenye harusi ya mdogo wetu, nikasema mbele ya meza nzima kwamba huyu kaivua pete ili aonekane bado yuko huru, watu wakacheka, yeye akainamia sahani yake, na maneno hayo nikayarudia miaka zaidi ya ishirini, kaka alipomtetea nikasema kalishwa limbwata.

Jumatatu wiki hii mkuu wake wa zamani alikuja kutoa pole, akatueleza kwamba mwaka ule wa 1991 shaba kwenye mashavu ya kome ilionekana mara tatu ya ilivyotarajiwa, wakubwa wakafurahi, ripoti ikawa tayari kutumwa, ila marehemu hakutulia, akarudia kazi yote, akagundua kwamba glavu yake ya kushoto ilikuwa ikitoboka penye pete, na ile pete, dhahabu iliyochanganywa na shaba, ilikuwa ikigusa nyama. Hakuna ambaye angejua, lakini tarehe 20 Juni alikwenda mwenyewe kusema, kazi ya miezi kumi na minne ikatupwa, cheo kilichokuwa kiwe chake akapewa mwingine, na tangu hapo hakuivaa tena hata Jumapili, kwa kuwa meli ilikuwa ikiingia bila taarifa naye aliogopa kusahau kuivua, na hata baada ya kustaafu tarehe 9 Mei 2018 alirudi kila wiki kuwafundisha wageni wa kazi. Na mimi, jamani, uaminifu ule niliuita uhuni. Mliokuwa kwenye meza ile, maneno yangu nayafuta mbele yenu.

Marehemu alianza kuugua moyo tarehe 11 Novemba 2023, wala si yale madini mnayoyanong'ona, akalazwa mara tatu, na akafariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopika na kufua bila kuombwa, na wenzake wa mlango wa kijani mliofunga maabara ili mje.

Leo asubuhi kwenye droo yake nimekuta chupa ndogo ya plastiki, imeandikwa kwa mkono wake, pete yangu, 20 Juni 1991, ina shaba, isiingie maabara, nikampelekea kaka bila kuthubutu kumtazama usoni, nikamwuliza tuifanyeje, akasema nimvalishe, leo haendi kazini.

Nimekuvalisha, wifi yangu, kidole kimekonda nikaizungushia uzi isitoke, na usiwe na wasiwasi, uzi ni wa pamba, hauna madini. Nisamehe, na upumzike kwa amani.