Waonjaji wa Uji

Treni ya asubuhi ilikwenda polepole ndani ya ukungu, nami nilikuwa nusu macho, nusu ndotoni. Mbele yangu mama mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alikuwa akizungumza na seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Hawakujuana. Sufuria kubwa ya mama ndiyo iliyowakutanisha, maana ilikuwa imekalia miguu ya seremala.

Mama alieleza kwamba Jumamosi wazazi watakuja shuleni na watoto wao kuwapikia uji wanafunzi wanaoshinda na njaa.

"Wenye njaa wakae, wenzao wawahudumie," alisema seremala. "Ndivyo mtoto anavyojifunza kutoa."

"Na aliyekaa, kaka yangu, anajifunza nini? Hao wenye njaa watakuwa waonjaji. Tutawauliza kama sukari imekolea."

"Wataonja mara ngapi?"

"Mpaka wawe na uhakika."

Seremala aliguna. Alisema huo ni uongo, na mtoto hafunzwi kwa uongo. Mama akasema njaa ina haya kuliko bibi harusi. Mimi nikasinzia, nikaona mvuke ukipanda kutoka kwenye sufuria ile tupu, na watoto wakionja kwa uzito wa mahakimu.

Treni iliposimama, seremala alimshushia sufuria.

"Bado nasema ni uongo," alisema, lakini hakuiachia. "Utotoni, jirani yetu aliniita kila jioni nimwonjee mboga. Miaka yote hii nilidhani ni kwa sababu nina ulimi mzuri."