Zabibu Alizoziomba Kaka Amosi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Vaileth, mdogo wake marehemu, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yetu Amosi Lemanya, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 kijijini Hombolo, Dodoma, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akalima zabibu pamoja na baba. Alifunga ndoa na wifi yangu Lilian tarehe 8 Julai 1989, wakajaliwa watoto wawili, Joyna na Meshaki, na mwaka 1996 wakahamia London, ambako alihudumia wazee majumbani, hapa Edmonton, kwa miaka ishirini na minane.

Mwaka 2019 bibi mmoja Mjerumani aliyekuwa akimhudumia alimpa vipando vya mzabibu mwekundu wa kwao, uitwao Frühburgunder, ambao hata huko Ujerumani wanaoulima ni wachache, akavipanda kwenye kibustani alichokodi nyuma ya reli. Ni mzabibu mgumu kuupenda, huchipua mapema ukapigwa na baridi, huzaa kidogo, punje zake ni ndogo, nyeusi, zenye ganda nene, tena huiva kama wiki mbili kabla ya mingine, kwa hiyo ndege humtangulia mwenyewe. Miaka mitano hakupata hata kishada, nasi tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwaka 2025 ulizaa, na mwaka huo huo, mwezi Juni, akagundulika ana saratani ya kongosho. Alilazwa tarehe 11 Agosti, na tarehe 19 akaniomba nikamchumie, akisema zimeshaiva, anataka kuonja kishada kimoja tu. Nilikwenda, nikaziona zile punje ndogo, na kwa kuwa mtu wa Hombolo hafundishwi zabibu, nikaamua hazijajaa, sikuonja hata moja, nikarudi mikono mitupu nikamwambia avute subira. Alinieleza kwamba punje hizo hazikui zaidi ya hapo, nikadhani ni dawa zinazomsemesha. Niliporudi bustanini tarehe 30 nilikuta vikonyo vitupu na nyigu.

Tangu siku hiyo kila aliponiuliza nilimjibu kwamba bado kidogo, hadi alipofariki tarehe 6 Septemba, saa nne asubuhi, na hata Lilian anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotupikia wiki nzima, na wafanyakazi wenzake waliomzungukia kitandani kwa zamu.

Kaka Amosi, zilikuwa zimeiva. Upumzike kwa amani.