Viti Mia na Ishirini

Mpanga Viti: Haloo? Mshindo mwingi una kimya kikuu. Nani mwenzangu?

Mchekeshaji: Methali umeipindua miguu juu, halafu unaniuliza mimi ni nani?

Mpanga Viti: Aa, kitinda mimba. Namba yako ninayo, jina ndilo nimelifuta.

Mchekeshaji: Shikamoo, dada.

Mpanga Viti: Marahaba. Mbona unanong'ona? Mchekeshaji mzima, sauti ya mwizi wa kuku.

Mchekeshaji: Nimejificha stoo ya mavazi, katikati ya makoti. Prodyuza ananitafuta chumba hadi chumba. Una dakika?

Mpanga Viti: Niko kliniki, kwenye benchi la korido. Mama yuko ndani na yule mtaalamu wa viungo, anafundishwa kuokota vifungo vya shati kwa mkono uliolala. Sema.

Mchekeshaji: Saa nne wakubwa wa kituo cha runinga wanakaa kikao. Vipindi saba tu, msimu wa kwanza, hata mwaka hatuna, na wanataka kutufungia. Kwa sababu ya Jumamosi. Kwa sababu yako!

Mpanga Viti: Yangu? Mimi ni mpanga viti. Kila wiki natafuta watu mia na ishirini, nawakalisha, nawaonyesha choo kilipo. Kuchekesha si kazi yangu.

Mchekeshaji: Ulinijazia ukumbi wagonjwa!

Mpanga Viti: Watazamaji.

Mchekeshaji: Wenye kiharusi, dada! Fimbo, magongo, midomo upande, na viti vya magurudumu safu ya mbele kabisa, chini ya maikrofoni! Pale ndipo unapowaweka wenye mbavu nyepesi—

Mpanga Viti: Viti vya magurudumu havipandi ngazi. Ulitaka niwabebe mgongoni hadi juu?

Mchekeshaji: Uliwaambia wasicheke. Kiri tu.

Mpanga Viti: Sikuwaambia neno. Niliwaambia kuna kipindi cha kuchekesha, kinakwenda hewani moja kwa moja, na chai ni ya bure. Na walicheka, hukuwasikia? Ule mchezo wa daktari wa meno anayeogopa damu, walicheka mpaka mzee mmoja fimbo ikamponyoka. Mchezo wa polisi na mbuzi, walipiga makofi, anayeweza kwa mikono miwili, asiyeweza akapiga paja. Watu wale wana kiu ya kucheka kuliko hao wanafunzi wako wa chuo.

Mchekeshaji: Halafu nikatoka mimi.

Mpanga Viti: Halafu ukatoka wewe.

[Mtandao unakwaruza.]

Mchekeshaji: ...niliingia na lile gauni, na mkongojo, na mdomo nimeshaukunja. Kawaida nikifika tu mlangoni wanalipuka. Sikuwa nimesema neno. Nikasubiri. Unajua kusubiri kicheko kisichokuja? Ni kama kukanyaga ngazi ambayo haipo.

Mpanga Viti: Endelea, nakusikia vizuri.

Mchekeshaji: Nikafikiri taa zinaniumiza, siwaoni. Nikatoa mate, yale ya kudondoka. Kimya. Nikasema "palaji-ji-ji", ule wimbo wangu—

Mpanga Viti: Wimbo wako!

Mchekeshaji: Kimya! Kiti kikalia kwii, nikasikia mpaka koo la mpiga ngoma likimeza. Na matangazo yamefungwa kwa saa, hayasogei. Dakika tisa, dada! Dakika tisa mbele ya nchi nzima!

Mpanga Viti: Na nyie mmebandika karatasi mlangoni kwa majivuno, "Hapa kicheko hakipikwi." Hamna kicheko cha kopo, kilichorekodiwa, cha kufungulia. Haya, siku ile jikoni hakukuwa na kitu.

Mchekeshaji: Na mwelekezi naye, mchezo ukizama, yeye dawa yake ni moja: anageukia kamera ya watazamaji, apate uso mmoja unaocheka, aokoe. Akaigeuza.

Mpanga Viti: Hiyo niliijua.

Mchekeshaji: Uliijua?

Mpanga Viti: Wiki saba nasimama nyuma ya ile kamera. Najua inaanzia safu ya mbele kulia na kutembea taratibu. Niliwapanga kwa mkono wangu, mmoja mmoja, kila aliyepindika mdomo akae pale ambapo kamera itampitia.

Mchekeshaji: Basi ulipanga. Wewe, damu yangu.

Mpanga Viti: Nilipanga kama mtu anavyopanga harusi.

Mchekeshaji: Hujui nilivyobanwa! Wiki ya tatu kila mtu alikuwa na mhusika wake. Yule mnene ana daktari, yule pacha ana mbuzi. Mimi nasimama pembeni nabeba sinia. Prodyuza akaniambia usoni, ifike wiki ya nne huna mhusika, usije. Ningefanya nini?

Mpanga Viti: Ungebeba sinia.

Mchekeshaji: Ni rahisi kusema.

Mpanga Viti: Hebu nikukumbushe ulichofanya, maana wewe una kumbukumbu ya kuku. Jumapili ile ulikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu mama atoke hospitali. Ukavuta kigoda ukakaa mbele yake magoti kwa magoti. Ukamwambia, "Mama, sema parachichi."

Mchekeshaji: Dada—

Mpanga Viti: "Sema birika. Sema parachichi tena, polepole, mama." Na yeye anahangaika, "palaji-ji-ji", jasho linamtoka, ulimi mzito kama kiatu chenye tope. Saa nzima. Na simu yako kifudifudi mezani, inarekodi.

Mchekeshaji: Sikuwa na nia—

Mpanga Viti: Ulipoondoka alinishika mkono. Ana furaha mpaka analia. Akaniambia, "Kitinda wangu amekuja kunifundisha kuongea." Nikasema ndiyo, mama, ni mtoto mwema. Mimi nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu huu ulionyooka!

[Mlio wa hanga za nguo zikigongana.]

Mchekeshaji: Hukuwahi kuniambia.

Mpanga Viti: Jumamosi iliyofuata akaalika majirani. Alikaa mbele, amejipaka mafuta, kijana wake ataonekana kwenye runinga. Ukatokea umevaa gauni kama lake. Bi Mdomokombo! Majirani walianza kucheka, halafu mmoja akaona, akaacha, halafu wote wakawa wanatazama kucha zao.

Mchekeshaji: Yeye alisema nini?

Mpanga Viti: Alisema chai imepoa, niipashe moto.

Mchekeshaji: Ungenipigia simu. Ungenitukana, ningeacha.

Mpanga Viti: Nilikupigia mara kumi na moja. Ulikuwa unahojiwa redioni.

Mchekeshaji: [kwa sauti ya chini] Na watu walimpenda, lakini. Bi Mdomokombo. Watoto barabarani walikuwa—

Mpanga Viti: Watoto barabarani walikuwa wakimwita mama hivyo akienda dukani. Hakwenda tena. Lakini hata hilo ningelimeza, maana mimi ni koo la mbuni. Lililonishinda ni jingine. Mtaalamu alimwachia mazoezi ya mdomo: kupuliza, kuvimbisha shavu, kusema a-e-i-o-u mbele ya kioo. Akaacha. Wiki nzima kioo kimegeuzwa ukutani. Nikamuuliza, mama, hutaki kupona? Unajua alinijibu nini?

Mchekeshaji: Usiniambie.

Mpanga Viti: Alisema, "Nikinyooka, mtoto atamuiga nani? Watamfukuza."

[Mtandao unakwaruza, unatulia.]

Mpanga Viti: Upo?

Mchekeshaji: Nipo.

Mpanga Viti: Siku hiyohiyo nikaenda kwa mtaalamu, nikamwomba orodha ya kundi zima la mama, wagonjwa wote wa kiharusi. Nikaanza kupanga viti.

Mchekeshaji: Haya. Umeshinda. Umenichoma, nimeungua, majivu haya hapa. Lakini tuko watu kumi na wanane, dada. Mshonaji, mpiga ngoma, yule pacha mke wake mjamzito. Wao hawakumfanyia mama lolote. Prodyuza anasema kuna njia moja tu ya kutuokoa. Uandike barua, au umpigie tu, useme ulikosea. Useme ulichanganya tarehe, lile kundi lilikuwa la kipindi cha afya. Uombe msamaha. Atawasomea wakubwa, itaonekana ni bahati mbaya, tunaendelea.

Mpanga Viti: Na Bi Mdomokombo?

Mchekeshaji: ...Wakubwa wanampenda. Wanasema apumzike wiki mbili, halafu—

Mpanga Viti: Halafu!

Mchekeshaji: Si mimi niliyesema! Mimi nakueleza walichosema!

Mpanga Viti: Mdomo ni wako lakini.

Mchekeshaji: Hata Jumamosi haikuwa kimya kabisa, ujue. Ndiyo maana wanadhani bado anaokoleka. Kuna mmoja alicheka. Nyuma, kushoto, karibu na nguzo. Mwanamke. Kicheko cha ajabu, kama mtu anakohoa na kupiga mluzi kwa pamoja. Dakika ya nne, nilikuwa nataka kulikimbia jukwaa. Akacheka. Halafu tena. Nilikishika kicheko kile kama kamba kisimani. Nikaigiza kwa ajili yake peke yake mpaka mwisho. Kama ningemjua ningempigia magoti.

Mpanga Viti: Hukumjua?

Mchekeshaji: Ningemjuaje? Gizani, na mimi natokwa na jasho la kifo.

Mpanga Viti: Kweli hukumjua. Loo. Mwigaji hodari wa nchi nzima! Uliiga mwendo wake. Uliiga mate, uliiga kidole kinavyotetemeka akishika kikombe. Kicheko hukuiga, kwa sababu tangu augue hujawahi kukaa naye mpaka acheke.

Mchekeshaji: Hapana.

Mpanga Viti: Ndiyo.

Mchekeshaji: Dada, hapana. Ulimleta mama pale?

Mpanga Viti: Nilimwambia abaki. Akasema kundi lake zima linakwenda kumwona mwanawe, yeye abaki nyumbani kama ufunguo? Nikamkalisha nyuma ya nguzo, usimwone, kamera isimpate. Nikadhani atakaa afaidi kisasi chake kimyakimya. Kumbe! Nilipanga viti mia na ishirini, kimoja kikanisaliti.

Mchekeshaji: Alicheka... alikuwa ananicheka?

Mpanga Viti: Alikuwa anakuokoa, mpumbavu wewe! Alikuwa anajikamua kicheko kwa mdomo ule, huku machozi yanamtiririka, na jirani yake anamvuta nguo anyamaze. Wewe unamdhihaki, yeye anakushikia ngazi. Niliona. Nilitaka kubomoa ile nguzo kwa meno.

[Kitu kinaanguka, kama rundo la nguo.]

Mpanga Viti: Unalia?

Mchekeshaji: Nimekaa chini.

Mpanga Viti: Kaa.

Mchekeshaji: Nipe niongee naye.

Mpanga Viti: Hapana. Kwa simu, hapana. Ulimchukulia sauti kwa simu, hutamrudishia kwa simu. Njia ya nyumbani unaijua, au umesahau ipo upande gani?

Mchekeshaji: Nitakuja. Leo jioni nakuja, naapa. Lakini na wewe basi, dada, kwa ajili yake. Kama yeye ameweza kucheka, wewe huwezi kusema neno moja? Yeye mwenyewe angetaka.

Mpanga Viti: Angetaka? Ameshaniagiza. Tangu jana asubuhi. Anasema nimewaaibisha wagonjwa wenzake na nimemwaibisha mwanawe, niende kituoni nikapige goti. Sijanywa chai naye tangu jana, hanitazami.

Mchekeshaji: Si umeona! Basi mtii!

Mpanga Viti: Nimemtii miaka thelathini na minne. Aliniambia niache shule nikulee wewe, nikaacha. Nikarudi nikiwa na mvi mbili, nikapata stashahada yangu. Alisema nikutafutie kazi pale kituoni, nani alikuingiza? Namwogesha, namlisha, namkata kucha. Hili moja, hapana—

Mchekeshaji: Ngoja. Ngoja, mlango. [kwa mbali] Niko hapa, bosi. Ndiyo, ndiye huyu. Ndiyo, amekubali... karibu amekubali. [karibu] Dada, prodyuza huyu hapa, na wale wawili wa ghorofa ya juu. Nimeweka spika. Wanakusikia wote. Neno moja tu, nakuomba, dada yangu. Mama yangu wa pili.

Mpanga Viti: Wananisikia?

Mchekeshaji: Wote. Anasema uongee, kikao kinamsubiri.

Mpanga Viti: Hamjambo, wakubwa. Mimi ndiye mpanga viti. Sikuchanganya tarehe. Sikukosea kundi. Wale walikuwa watazamaji wenu, na kimya kile ndicho walichokuwa nacho kwa ajili yenu.

Mchekeshaji: Dada, tafadhali—

Mpanga Viti: Siombi msamaha. Leo siombi, kesho siombi, na mama akininunia mpaka mwaka uishe, bado siombi.