Mtoto Atabaki kwa Mama Yake

Mama mkwe wangu, fundi wa kushona sare za shule, ndiye aliyeniambia kwanza kwamba kisukari cha mwanangu huenda kilichokozwa na homa, wala si chai yangu. Alikuwa kitandani, siku ya tano bila kula, na wanawe wote wamemzunguka. Mimi nilisimama mlangoni, nimembeba mwanangu huyo, binti wa miaka minne.

"Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali. Na wewe mkwe wangu, toka hapo mlangoni uingie, maana haya yanakuhusu zaidi. Cherehani nampa kitindamimba, kwa kuwa ndiye pekee anayekumbuka kuitia mafuta, na nyumba mtakaa wote kama mnavyokaa sasa. Friji ni la mkwe wangu, ahifadhie insulini ya mtoto, na atakayenuna kwa kukosa maji baridi anune kimyakimya.

Sasa sikilizeni lililonikaa rohoni. Mnakumbuka mtoto alivyougua homa na mafua, akapona, kisha baada ya wiki kadhaa akaanza kunywa maji kupita kiasi na kulowanisha kitanda? Mimi nilimficha maji. Mjukuu wangu alilia kiu, nami nikamwambia, 'Kikojozi hapewi kikombe,' nikijiona namfundisha adabu, mpaka siku alipolegea sebuleni, anahema, tukamkimbiza hospitali. Na bado nikawatangazia ninyi nyote kwamba mama yake ndiye aliyemharibu kwa chai ya sukari.

Muuguzi wa kliniki alinikalisha chini. Alisema aina hii ya kisukari hailetwi na vitu vitamu. Mwili wa mtoto wenyewe hushambulia kongosho lake, na pengine maambukizi kama ile homa ndiyo huuchokoza, ingawa hata madaktari hawajawa na uhakika. Nimekaa na maneno hayo miezi miwili, naona haya kuyasema. Mkwe wangu, nisamehe."

"Mama, pumzika kwanza," wifi yangu mkubwa alisema.

"Nitapumzika sana tu, usiniharakishe. Wewe ndiye uliyetaka kumchukua mtoto ukamlee wewe, kwa sababu ya maneno yangu. Nimeyafuta. Mtoto atabaki kwa mama yake, na wewe ujifunze kwake kuchoma sindano, ili mama akiugua, mtoto asikose dawa. Msimlaumu mtu... hata huyo aliyemwambukiza mafua, naye hakujua. Mjukuu wangu, Mungu akukuze... uzeeke kuliko mimi. Nanyi wote awape... awape kuvumiliana. Basi. Nishikeni mkono."

Asubuhi iliyofuata nilimpima mwanangu sukari, kisha nikamwita wifi kwa sauti thabiti ambayo sikuwahi kuitoa katika nyumba ile. Nikamwambia anawe mikono, akae karibu nami, ashike sindano.