Niliitikia "Nzuri" Kila Asubuhi

Asalaam aleikum. Na ndugu zangu Wakristo, amani iwe nanyi. Wazazi na walimu, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, mambo.

Nimeombwa nisimame hapa nitoe shukrani. Aliyeniomba simtaji, yupo humu na anajijua. Aliniambia, "Wewe ni mfano mzuri. Waeleze wageni wetu jinsi programu ya kwenye simu ilivyokusaidia ukapona." Nikasema sawa, nitaeleza. Basi naeleza, ila niseme mapema kwamba nina hasira. Nimejaribu kuiacha nyumbani leo, imekataa.

Mimi ni mtoto wa Mwera, kule Pangani. Baba yangu alikuwa mkulima wa mihogo na minazi, na alifariki nikiwa mwaka wa kwanza hapa chuoni, karibu kabisa na mitihani. Tukamzika, tukasoma hitma, kesho yake nikapanda gari kurudi Tanga. Watu wakanisifu. Binti jasiri huyu, baba yake angefurahi. Nikafanya mitihani kwa macho makavu, na miwili nikaanguka.

Mwaka wa pili ndipo mambo yalipoharibika. Naamka asubuhi, nachukua ndoo nikaoge, nakaa nayo kitandani mpaka kipindi cha kwanza kinaisha. Chakula hakipiti. Simu ya mama ikiita naiangalia tu inavyoita. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Kilutheri kutoka Lushoto, akanivumilia weee, mwisho akanikokota mpaka kwa mlezi wa wanafunzi.

Nje ya mlango wa mlezi kulikuwa na foleni. Alinisikiliza huku anajibu ujumbe. Akasema kuna programu mpya imeletwa na wafadhili, ipo mtandaoni, unajisomea mwenyewe kwa wakati wako, na siri yako haitoki. Akaniwekea kwenye simu, akaita mwingine. Ndugu zangu, nawaambia, huduma yote niliyopewa ndiyo hiyo.

Nisije nikaisingizia. Programu yenyewe si mbaya. Kuna mama mwenye sauti ya upole anakufundisha kupumua, anakueleza kwamba si kila wazo linalokujia kichwani ulisadiki. Maneno ya kweli kabisa. Lakini kila asubuhi, kabla hujaanza, simu inakuuliza: Leo unajisikiaje? Chini yake kuna sura, kuanzia inayolia mpaka inayocheka, na wewe unachagua.

Sasa nawauliza nyinyi mliolelewa pwani hii, na nyinyi wa milimani pia, maana hili halina dini wala kabila. Mtu akikuuliza habari za leo, unamjibu nini? Unasema nzuri. Paa limeezuliwa, nzuri. Maiti imo ndani, nzuri. Halafu ndipo unasema, ila jana tumefiwa. Mtu aliyefunzwa adabu haanzi na msiba. Anatanguliza nzuri, mwenzake anaipokea, anangoja, ndipo la moyoni linatoka.

Basi mie nikabonyeza sura inayocheka. Kila siku. Na simu ikaniambia, vizuri sana, tuendelee. Haikungoja. Nina ila yangu mdomoni, yenyewe imeshafungua somo la kupumua.

Nikasoma masomo yote mpaka mwisho, simu ikanipa cheti na nyota zake. Siku napata cheti kile nilikuwa nataka kufa. Nalisema wazi kwa sababu wazazi mko hapa, na mnadhani mtoto anayetaka kufa mtamwona tu. Hamtamwona. Mimi mlikuwa mnanipongeza.

Baadaye nikaja kuambiwa kwamba ningegusa sura inayolia, ingetokea namba ya simu, na upande wa pili kuna mtu anapokea. Mtu alikuwepo, jamani. Wamemweka mahali ambapo mtoto wa kwetu hafiki mpaka kwanza aonekane hana adabu. Hili linanichoma mpaka leo.

Aliyenitoa shimoni ni shangazi yangu, dada yake baba. Msimdhanie mtu mpole. Ana mdomo yule, wauza samaki wa Pangani wakimwona anakuja wanashusha bei wenyewe. Alikuwa amekuja mjini kumtazama mgonjwa hospitali, akapitia hosteli kuniletea mihogo. Akanikuta kitandani mchana kweupe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za masomo?"

"Nzuri."

"Na afya?"

"Nzuri."

Akavua viatu, akakaa kwenye kitanda cha mwenzangu, akanyoosha miguu. Ananitazama tu, mpaka nikaanza kuona aibu. Kisha akasema, "Haya, nzuri zako nimezipokea. Ila?"

"Ila nini, shangazi?"

"Mie ndo nakuuliza weye. Mie nimezika kaka yangu, weye umezika babako, na hatujakaa tukalia pamoja hata siku moja. Halafu ati nzuri. Ila nini?"

Nikasema, "Ila sitaki kuishi."

Sikupanga kulisema, lilitoka lenyewe. Na shangazi, pamoja na mdomo wake wote ule, hakupiga kelele. Hakuniambia nimwogope Mungu, hakuniambia wenzangu wanaililia nafasi yangu ya chuo. Alihamia kitandani kwangu akanishika mkono, tukamlilia baba, sauti ya juu, mpaka wasichana wa vyumba vya jirani wakaja mlangoni. Tulipomaliza akaniambia, "Vaa viatu." Tukarudi hospitali ile ile alikotoka, safari hii mgonjwa ni mimi. Daktari akanipa dawa, akanipangia siku za kwenda kuzungumza naye. Na shangazi akagoma kurudi Mwera mpaka aone nakula.

Nilipopata nafuu nikaenda kwa mlezi. Mnajua aliniambia nini? "Lakini mbona kwenye mfumo ulikuwa unaendelea vizuri?" Na mwingine aliyekuwa pale ofisini akaongeza yake: mficha maradhi kilio humfichua. Yaani nimewaficha. Hapo ndipo ilipopanda hasira hii mnayoiona. Sikuficha kitu. Nilisalimiwa, nikaitikia, na aliyenisalimia hakuwa na muda. Ukimwuliza mtoto wa watu habari, kisha ukageuka kabla hajamaliza kujibu, usimwite mwongo.

Programu ile niliianza upya. Daktari ndiye aliyeshauri, nami nilimkatalia kwanza, tena kwa maneno makali. Safari hii tukawa tunakaa wawili, mimi na mwenzangu wa Lushoto, simu katikati. Ikiuliza unajisikiaje, ananishika kidole kabla sijagusa. Mara tunachagua inayolia, mara tunabishana ipi ndiyo yenyewe, somo lenyewe linasubiri. Yule mama akisema vuta pumzi, mwenzangu anapumua kwa kishindo kama anayepuliza jiko la kuni mbichi, tunacheka mpaka tunaanza upya. Lakini yaliingia. Maneno yale yale yaliyopita sikioni mara ya kwanza, safari hii yalikaa. Mitihani niliyoanguka nimerudia, mmoja nimeupata, mmoja bado unanitesa. Nakula. Mama akipiga simu napokea.

Kwa hiyo nashukuru, kama nilivyoombwa. Namshukuru shangazi, aliyekaa nami bila kutazama saa. Namshukuru mwenzangu, na daktari, na dawa. Wageni wetu mliotuletea programu, nawashukuru kwa yaliyomo ndani yake. Kwa namna tulivyopewa siwashukuru. Mnaambiwa foleni kwa mlezi imepungua, na ni kweli imepungua. Haikupungua kwa sababu tumepona. Tumerudishwa vyumbani kwetu na simu zetu, kila mtu na lake, na ofisi imepata kupumua.

Wazazi, nawaomba moja. Mkiwapigia watoto wenu simu, msiondoke na nzuri ya kwanza. Walimu, wekeni mtu akae na mwanafunzi wakati anajisomea masomo haya, hata mwanafunzi mwenzake, hata kwa siku za mwanzo tu. Haliwezi kuwa jambo zito hilo. Mkiona ni zito, basi semeni wazi kwamba hamkutaka kututibu, mlitaka tuondoke mlangoni.

La mwisho si la wageni. Kuna mtu humu ndani amevaa vizuri, amecheka wenzake walipocheka, na tangu nilipoanza kuongea hajainua uso. Sijui ni nani na sitaki unyooshe mkono. Mkutano ukiisha nitakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Njoo na simu yako kama unayo, usipokuwa nayo njoo mikono mitupu. Leo sina kipindi, sina safari, na nimekuja na mihogo ya kutosha watu wawili.